Bahasha ya Kaki

Vidonge 56. Nilivihesabu usiku, mlango wa stoo nimeushindika, juu ya trei ya bluu tunayohesabia dawa, nikivisukuma vitano vitano kwa kile kijiko bapa cha plastiki. Viwili asubuhi, viwili jioni, siku 14. Kopo lilikuwa la vidonge 120, lopinavir na ritonavir ndani ya kidonge kimoja, dawa ya mstari wa pili kwa watu wanaoishi na VVU ambao dawa za mwanzo zimewashinda. Sikutoka na kopo. Nilivimimina vidonge kwenye bahasha ya kaki, zile tunazotilia panadoli, nikaandika juu yake 2x2, nikaukunja mdomo wake. Jina la dawa sikuliandika.

Ilikuwa Aprili 2020, Dar es Salaam. Mimi ni mfamasia, na wakati huo nilikuwa na mwaka wa sita kwenye dirisha la dawa la kliniki ya CTC, ya watu wanaoishi na VVU, katika kituo cha afya ambacho sitakitaja, maana hakina kosa. Bahasha ilikuwa ya baba mkubwa, Magomeni. Alikuwa na siku tatu za homa na kikohozi kikavu, na asubuhi hiyo mama mkubwa alinipigia simu kunipa habari iliyonikata maini: mzee kanywa kahawa yake ya alfajiri akasema ni maji ya moto matupu. Mtu aliyekunywa kahawa chungu tangu ujana wake bandarini, anakaa na kikombe kinachofuka mkononi anauliza kahawa iko wapi.

Mjini watu walikuwa wanapiga nyungu. Malimao na tangawizi vilipanda bei sokoni. Mimi nilijiona niko juu ya nyungu, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Na nilichokisoma ndicho kilichonipoteza, kwa hiyo nikieleze vizuri.

Mwaka 2003, SARS ilipoingia Hong Kong, madaktari wa huko walijaribu dawa hii hii ya VVU pamoja na ribavirin. Matokeo yalichapishwa 2004. Wagonjwa 41 waliopewa walilinganishwa na 111 waliotibiwa kabla yao bila lopinavir. Kufikia siku ya 21, waliokufa au kuzidiwa kabisa mapafu walikuwa asilimia 2.4 upande mmoja na asilimia 28.8 upande wa pili. Namba hizo mbili nilikuwa nazo kichwani kama mtu anavyoikumbuka namba ya simu ya mdeni wake. SARS na ugonjwa huu mpya, corona, ni ndugu, nikasema. Dawa iko stoo kwangu. Tunayajua madhara yake, tumewapa watu kwa miaka. Sikujiuliza wale 111 walitibiwa lini: mwanzoni mwa mlipuko, madaktari nao wakiwa bado wanapapasa gizani. Kundi lile halikukosa lopinavir peke yake. Lilikosa pia mambo yote ambayo hospitali zilikuwa zimejifunza katika wiki zilizofuata.

Ningeweza kuishia hapo, nikajitetea kwamba nilidanganywa na utafiti wa zamani. Hapana. Nilikuwa nimeusoma na ule mpya. Tarehe 18 Machi 2020, mwezi mmoja na siku chache kabla ya usiku wa trei, yalitoka matokeo ya Hospitali ya Jin Yin-tan ya Wuhan: wagonjwa 199, wakagawanywa kwa bahati nasibu, 99 wakapewa lopinavir na ritonavir kwa siku 14, 100 wakapewa matunzo ya kawaida tu. Hapakuwa na tofauti ya maana katika kupata nafuu, na kirusi hakikupungua mwilini upesi zaidi. Niliusoma kwenye simu nikiwa kwenye daladala, nikausoma tena nyumbani. Halafu nikaanza kuutafutia kasoro, na anayetafuta kasoro haikosi. Wagonjwa wale walianza dawa kama siku ya 13 tangu waugue. Wamechelewa! nikasema. Mimi namuwahi mzee siku ya tatu.

Hapo ndipo ujuzi wangu mwenyewe ulipogeuka adui. Kwetu CTC, nesi akijichoma sindano yenye damu tunampa PEP, dawa za kinga, na saa tunazihesabu: zikipita 72 tumeshachelewa. Nimeona PEP ikifanya kazi. Kuwahi, kwangu mimi, ilikuwa imani kamili, na nikaihamisha imani hiyo kutoka kirusi kimoja kwenda kingine bila kuilipia nauli. Mtu asiyejua chochote kuhusu dawa za virusi angemchemshia mzee uji akangoja. Mimi nilijua nusu, na nusu ile ilikuwa na kiburi cha ujuzi mzima.

Nilikwenda na bodaboda. Sikuingia ndani, nilisimama uani na barakoa, nikatoa shikamoo kwa mbali, akanijibu marahaba kupitia nondo za dirisha, sauti imekauka. Bahasha alipokea mama mkubwa. Baba mkubwa akauliza, "Hii ndiyo ile dawa ya Wachina?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Haikuwa uongo mtupu, ilikuwa imejaribiwa Uchina. Lakini sikutaka asikie neno ARV, wala jirani alione kopo kwenye takataka na kuanza kuhesabu nani katika nyumba ile ana nini. Ndiyo maana ya bahasha. Nilimwambia asikose hata dozi moja.

Hakuna aliyeniuliza mzee anatumia dawa gani nyingine. Wa kuuliza nilikuwa mimi.

Presha yake nilikuwa naijua. Vidonge vyake vya amlodipine nilikuwa namnunulia mwenyewe. Simvastatin pia nilikuwa naijua. Daktari wake alimwanzishia Januari, kidonge kimoja usiku kwa ajili ya mafuta kwenye damu, na baba mkubwa alinionyesha boksi lake siku ya maulidi ya mjukuu, akalalamika bei. Nilikuwa naijua! Ukutani kwetu, hatua mbili kutoka kiti changu, palikuwa na bango la dawa zisizopatana na ritonavir, na simvastatin ilikuwamo kwa wino mwekundu. Kila wiki nilikuwa namuuliza mgonjwa mpya wa mstari wa pili: unatumia dawa ya kushusha mafuta? Swali hilo nilikuwa nalitoa mdomoni kama salamu. Uani Magomeni halikuja, kwa sababu nilikwenda pale kama mtoto wa nyumba, na mtoto wa nyumba hamhoji baba mkubwa wake kwa kupitia dirisha.

Siku ya pili ya dozi akaanza kuhara. Nililitarajia, dawa ile ina tabia hiyo, nikapeleka ORS. Siku ya nne homa ikashuka. Kahawa ikarudi na ladha kidogo. Nikavimba kichwa, nilimpigia mwenzangu tuliyesoma naye, nikamwambia jambo linafanya kazi. Watu wengi wenye ugonjwa ule homa ingewashuka siku hizo hizo hata kama wangepewa maji ya dafu, lakini nani atakumbuka hilo akiwa yeye ndiye aliyeleta dawa?

Siku ya saba akasema mapaja yanamuuma, kama mtu aliyepanda mlima. Siku ya nane asubuhi alishindwa kunyanyuka kutoka kwenye mkeka wa swala. Mchana mama mkubwa akanipigia, akasita, kisha akasema mkojo wa mzee una rangi ya juisi ya ukwaju.

Mfamasia yeyote akisikia maumivu ya misuli, mkojo wa ukwaju na simvastatin katika sentensi moja anajua. Ini lina kimeng'enya kinachoivunja simvastatin na kuitoa. Ritonavir kazi yake ni kukizuia kimeng'enya hicho. Ndiyo sababu imewekwa kwenye kidonge, ili lopinavir isivunjwe mapema. Katika mwili wa baba mkubwa iliilinda lopinavir iliyokuwa haina kazi ya kufanya, na ikailinda simvastatin pia, ikapanda siku hadi siku mpaka ikaanza kuila misuli. Misuli inayobomoka humwaga protini yake kwenye damu, na protini hiyo huziba figo. Nilijua yote haya nikiwa nimeshika simu. Nilichosema ni, "Mpelekeni hospitali sasa hivi."

Walimpeleka. Saa moja jioni daktari wa zamu akanipigia, kijana, sauti ya mtu ambaye hajalala. Akaniambia ndugu wanasema mzee amepewa dawa za kikohozi na mwanawe mfamasia; ni dawa gani?

Nikasema, "Azithromycin na vitamini."

Nimejaribu mara nyingi kujieleza kwa nini. Niliogopa kazi. Niliogopa leseni. Niliogopa kusema kwenye simu kwamba nimetoa dawa za wagonjwa wa CTC kwenye stoo ya serikali nikampa ndugu yangu. Daktari akashukuru, akakata simu. Mzee alishatundikiwa dripu, na walikuwa wanatafuta chanzo: malaria, maambukizi, kirusi chenyewe. Zamu ile ndugu hawakuruhusiwa wodini. Alilala peke yake, bahasha yangu iko chini ya mto, na boksi la simvastatin ndani ya mfuko wa kanzu. Saa tatu usiku alimeza vyote, viwili vya kwangu na kimoja cha kwake, maana mwanawe alimwambia asikose dozi.

Nilimpigia daktari saa kumi alfajiri. Saa tisa zilikuwa zimepita. Nilimtajia dawa, akanyamaza, kisha akauliza, "Anatumia statini?" Nikasema simvastatin. "Kwa hiyo ulijua." Nikasema nilijua. Hakunitukana. Alisema asante, akakata, na sijawahi kusikia asante nzito kama ile.

Walimsafisha damu mara tatu. Alikaa wodini siku 19. Alitoka anatembea kwa fimbo, na mpaka leo figo zake hazijarudi zote. Kila miezi mitatu anapima, na chumvi ameambiwa aisahau. Corona hakupimwa. Mwenye uwezekano mkubwa kabisa wa kumuua baba mkubwa mwaka 2020 nilikuwa mimi.

Alipokuwa bado wodini nilianza kusoma upya, safari hii bila kutafuta ninachokitaka. Lopinavir ilitengenezwa ikabe kimeng'enya cha VVU, mkasi ambao kirusi kile hutumia kukatia protini zake. Corona nayo ina mkasi wake. Neno hilo moja, mkasi, ndilo lililokuwa limeniteka. Kumbe ni mikasi kama ule wa kinyozi na ule wa fundi bati: wa VVU una nusu mbili zinazolingana na tundu katikati linalolingana pande zote, na lopinavir ilichongwa kwa tundu hilo, wa corona umejengwa kwa namna nyingine kabisa na hukata kwa kemia nyingine. Ukitaka lopinavir iuzuie maabara, inabidi uimwage kwa wingi kuliko inavyoweza kupatikana katika damu ya mtu, ambamo karibu yote hung'ang'ania protini za damu, na inayobaki huru kufanya kazi ni chembe tu.

Tarehe 29 Juni, watafiti wa Oxford wakatangaza yao. Nilisoma dirishani, foleni iko mbele yangu. Baadaye takwimu kamili zilipochapishwa nilizinakili kwenye daftari: wagonjwa 1,616 waliopewa lopinavir na ritonavir, 3,424 waliopewa matunzo ya kawaida, waliokufa ndani ya siku 28 asilimia 23 na asilimia 22. Siku chache baada ya tangazo lile, tarehe 4 Julai, Shirika la Afya Duniani nalo likaiondoa dawa hiyo katika jaribio lake la nchi nyingi. Hydroxychloroquine, mdogo wake klorokwini iliyotuwasha mwili mzima enzi za utoto wetu, iliondolewa siku hiyo hiyo.

Kinachoniuma zaidi kuhusu mwezi ule wa Juni ni deksamethasoni. Tarehe 16, watafiti hao hao wa Oxford walitangaza kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Dawa kuukuu, rahisi, ipo kwenye kila rafu ya kila duka la dawa nchini, na si ya virusi hata kidogo. Inatuliza hasira ya mwili wenyewe. Ndugu zangu waliponipigia kuuliza kama wanunue waweke ndani, niliwakatalia kwa ukali uliowashangaza. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Baba mkubwa hakuhitaji oksijeni. Ningempa hiyo nayo ningemkosea, kwa njia nyingine.

Halafu kuna Beni. Remdesivir, kabla ya kuwa dawa ya corona, ilikuwa moja ya dawa nne zilizojaribiwa dhidi ya Ebola mashariki mwa Kongo, Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018. Ni miji inayozungumza Kiswahili, yenye vita pembeni, ambako vituo vya matibabu vilishambuliwa na watu walikuwa na sababu zao za kutomwamini mgeni mwenye koti jeupe. Hata hivyo wagonjwa 681 waliingia katika jaribio lile na kupangiwa dawa kwa bahati nasibu. Ebola inaua, kila familia pale ingependa daktari amchagulie mtu wao ile iliyo bora, lakini hakuna aliyekuwa anaijua, na walikubali hivyo. Agosti 2019 jibu likapatikana: remdesivir iliachwa, waliokufa kwa upande wake walikuwa asilimia 53, wakati mAb114, kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyenusurika mlipuko wa Kikwit wa 1995, ilikuwa na asilimia 35. Miezi minane baadaye mimi, katika mji usio na vita, na mzee mwenye homa ya siku tatu, sikuweza kungoja.

Remdesivir yenyewe ilipopewa mapema, siku tatu za sindano kwa watu walio hatarini ambao hawajalazwa, ilikuja kupunguza waliolazwa kwa asilimia 87. Kwa hiyo wazo la kuwahi halikuwa la kipumbavu. Najua mtu anayenisoma anaweza kuniokoa kwa sentensi hiyo. Asijisumbue. Mimi sikuwahi kwa dawa inayofanya kazi.

Na ritonavir ikarudi. Mwishoni mwa 2021 Marekani iliidhinisha kwa dharura Paxlovid: nirmatrelvir, iliyochongwa kwa ajili ya mkasi wa corona hasa, ikitokana na molekuli ambayo wanasayansi walianza kuitafuta wakati wa SARS, na pembeni yake kidonge cha ritonavir cha miligramu 100 kulishika ini mkono. Nilipopata karatasi yake ya maelezo niliifungua moja kwa moja kwenye orodha ya dawa zisizoruhusiwa kutumiwa nayo. Simvastatin ilikuwepo. Nilikaa nayo muda mrefu. Wagonjwa elfu kadhaa, kampuni kubwa, na ule mstari mmoja ulikuwa ukutani kwangu tangu zamani kwa wino mwekundu.

Baba mkubwa nilimwambia mwaka 2022, baada ya Idi, tumekaa barazani. Nilimweleza yote, dawa, bahasha, simu ya jioni. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: kama watu waliokuwa wanatakiwa kupewa dawa ile walikosa kwa sababu yake. Nikasema hapana.

Kumbe hilo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Kopo lile nililolifungua lilibaki na vidonge 64. Kwenye leja nililiandika limeharibika, nikalitia kwenye droo ya meza yangu, chini ya karatasi. Mwezi Mei shehena ilichelewa. India, zinakotengenezwa dawa nyingi tunazogawa, ilikuwa imejifungia tangu mwishoni mwa Machi. Siku moja akaja mama mmoja wa mstari wa pili kutoka Mbagala, daladala mbili kunifikia. Lopinavir ilikuwa imekwisha kwenye rafu. Vidonge 64 ni siku 16. Vilikuwa pale kwenye droo, vinagusana na goti langu. Lakini kopo ambalo leja inasema limeharibika haliwezi kutoka dirishani likiwa zima, na mwenzangu wa zamu alikuwa amekaa kando yangu.

Nilimwambia arudi Jumatatu. Ilikuwa Jumatano. Akafunga kitenge chake vizuri, akasema haya mwanangu, akaondoka.

Bado anakuja. Siku hizi hupewa dozi ya miezi mitatu, na rafu zimejaa. Lakini tangu Jumatano ile, akifika dirishani, kabla hata sijamaliza kumwamkia, huinama akachungulia nyuma ya bega langu na kuuliza, "Leo zipo?"